Jina la Musa Halikutokea Kwenye Kijitabu

Jumanne. Mvua ya rasharasha tangu asubuhi, na moyo wangu uko hivyohivyo.

Haya, msomaji wangu, leo ndiyo umenikumbuka? Wiki tatu nzima hujachungulia humu kwenye ukurasa wangu, na mimi nazika mume. Sina nguvu ya kukununia. Kaa, usikie.

Sikusoma mimi. Naongea, simu inaandika, mjukuu wangu Neema ananyoosha. Kijitabu cha mazishi pia alikitengeneza yeye, kwa herufi nyembamba za madaha ambazo babu yake angezipenda. Nikamtajia watoto wa mzee mmoja mmoja: wanne wangu, na wa mwisho Musa, ambaye mzee alimzaa nje tukiwa tumeshaoana. Nilimtaja kwa kinywa changu. Neema akaandika, akapeleka dukani kuchapishwa.

Kanisani vikagawiwa. Musa alikuwa ametoka Tooting, kusini mwa London, na mkewe. Nikamwona anapitisha kidole kwenye majina, anafika chini, anarudi juu. Kisha akaja akaniinamia sikioni.

"Mama mkubwa, hata safari hii?"

Akatoka. Udongo kwenye kaburi la baba yake hakuutupa.

Wiki iliyopita nilienda dukani nimefura, natafuta wa kumchana. Mwenye duka ni Mhindi wa Kisumu, Kiswahili chake kinanishinda mimi. Akanikalisha, akanipa chai, akanieleza. Kompyuta ikituma ukurasa kwa printa ya leza, inapaswa kutuma na maumbo ya zile herufi. Faili la Neema lilibeba jina la herufi tu, maumbo yakabaki nyumbani. Mashine za dukani zikaweka za kwao, nene. Majina yakapanuka, kisanduku kikajaa, mstari wa mwisho ukakosa pa kukaa. Mashine haikuuliza mtu. Ilichapa tu.

Tangu hapo nimemweleza kila mtu: wanangu, mchungaji, hata mama wa mboga pale sokoni. Naeleza fonti, yaani hayo maumbo ya herufi, kama fundi. Musa nimemtumia ujumbe wa sauti mara nne, zote za printa. Amezisikiliza. Hajajibu.

Kwa sababu si printa anayoniuliza.

Bibi yake, mama mkwe wangu, alipofariki, kijitabu kilikuwa na nafasi tele. Mimi ndiye niliyesema jina la yule mtoto litolewe. Alikuwa na miaka kumi na moja, amevaa shati jeupe alilonunuliwa kwa siku ile, na alitafuta jina lake kwa kidole vilevile. Nilimwona. Nikageuza uso.

Hilo sijawahi kulisema. Mzee alijua akanyamaza, na sasa hayupo wa kunisaidia kunyamaza.

Musa hakukosea kunishuku. Amekosea mara hii tu, na mimi naing'ang'ania mara hii kana kwamba inafuta ile.

Alhamisi napanda treni kwenda Tooting. Akinifungulia, sawa. Asiponifungulia, nitasemea mlangoni, majirani wasikie.

Nawe ukirudi humu, kabla ya salamu niulize kama nilimwambia. Nikianza kukueleza habari za herufi, nikatize.