Mifugo Ninayolisha ni Samaki

Kwako Baba mpendwa,

Habari ya hapo Ngaremara? Goti la Mama limepoa, au bado anakwenda kuchota maji huku amelishika? Nilisikia mvua ilinyesha Merti ikawapita nyinyi. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, joto tu ndilo linanisumbua.

Dada Akiru, najua ni wewe unayemsomea Baba. Soma polepole na usiruke mahali, hata ukiona aibu. Barua hii nimempa jamaa mmoja wa Biliqo anayekuja likizo, atakuachia pale shule ya chekechea unakofundisha. Simu imenishinda. Mara tatu nimempigia Baba nimwambie jambo, na mara tatu, kabla sijafungua mdomo, ameniuliza, "Ngamia ziko aje?" kisha akampa simu mzee aliyekaa karibu naye nimsalimie. Barua haikatizwi.

Baba, hakuna ngamia. Nilikudanganya.

Ile siku ya kwanza uliponiuliza nimepata kazi gani huku Uarabuni, niliwasikia wazee wakicheka nyuma yako, nikaona haya. Wewe mwenyewe husema samaki ni chakula cha mtu aliyekosa mbuzi. Basi nikasema nachunga ngamia wa tajiri. Ukauliza wangapi, nikasema arobaini. Ukauliza kama wamezaa, nikasema wamezaa. Sasa ni mwaka wa pili wanazaana kwenye simu, na mimi tangu nifike sijagusa hata kwato.

Kazi yangu ni kulisha samaki. Nyumba ya huyu tajiri ina ukuta mmoja wa kioo sebuleni, na nyuma ya kioo ni maji ya chumvi yenye samaki wa kila rangi. Hawaliwi, Baba. Wanatazamwa tu. Asubuhi naenda sokoni na dereva kuwanunulia chakula kibichi: ngisi, kome, samaki wadogo na kamba. Kamba ninaowasema si za kufungia mbuzi, ni wadudu wa baharini wenye miguu mingi kama panzi. Ngisi namwangalia jicho. Likiwa na ukungu namwacha. Kamba nawanusa. Aliye mzuri ananuka bahari, aliyelala ananuka kama ngozi iliyonyeshewa. Nikirudi jikoni nawaosha, nawatoa maganda na ule uzi mweusi wa mgongoni, nawakatakata vipande vidogo vya kutosha mdomo wa kila samaki. Wengine mdomo wao ni kama tundu la sindano. Hapo nasaga mpaka mkono unauma.

Aliyenifundisha ni mama mmoja Mfilipino anayeitwa Liza. Sheria yake ni moja: weka kidogo, wakimaliza upesi ongeza kidogo, kisha toa kilichobaki kwa wavu. Miezi ya kwanza niliishika. Halafu Ijumaa moja akapumzika, nikabaki peke yangu, nikafanya kosa la mchungaji. Kila nilipopita, samaki walinijia kwenye kioo midomo wazi. Kwetu mnyama akikujia hivyo ana njaa, na ukimlaza ubavu umebonyea, wewe ndiye mvivu. Uliwahi kunichapa kwa sababu hiyo. Nikawapa bakuli zima. Wakala, wakaacha, nikafurahi kuona wameacha. Nikasema leo wamelala wameshiba.

Siku ya pili yake maji yalikuwa meupe kama maziwa yaliyoongezwa maji, na samaki wote wako juu wanatafuta hewa. Wawili walikuwa wamekufa. Liza akauliza, "Nani amemwaga chakula chote hiki?"

"Ni mimi. Walikuwa na njaa."

"Hao wataomba hata wakiwa wameshiba," akasema. "Wewe ndiye wa kusema basi."

Tulibadilisha maji siku nzima, ndoo kwa ndoo, na kwa mwezi mzima sikuruhusiwa kulisha peke yangu. Niliumia, Baba. Niliumia kama niliyepoteza mbuzi, na sasa naweza kusema bila kujificha kwamba kazi hii naipenda.

Ningeendelea kukuficha, lakini mwezi uliopita ndugu yangu Lokwang akaniambia umemwagiza afunge karakana yake ya kulehemu kule Chechelesi, aje tuchunge ngamia pamoja. Anashughulikia pasipoti, na mwisho wa mwezi huu anauza mashine. Nilimwambia ngamia hawapo. Akanijibu, "Wewe unataka kula peke yako. Baba ndio amesema, na mimi nasikia ya Baba." Sikumlaumu. Ningekuwa yeye ningesema hayo hayo.

Huku hakuna kazi inayomngoja. Atafika, atakosa, na kule atakuwa ameacha mke, mtoto na ufundi aliousomea. Mimi hanisikii tena. Wewe atakusikia. Nakuomba uende Chechelesi mwenyewe umwambie kwamba mimi ni mwongo. Najua ukishamwambia yeye, Ngaremara yote itajua, na wale wazee niliowasalimia kwenye simu watakucheka. Aibu hiyo ni mimi niliyekuletea, na wewe ndiwe utakayeibeba. Nisamehe.

Msalimie Mama, na umwambie kamba nimeonja, ni watamu. Msalimieni shangazi anayeuza mkaa barabarani, na mchungaji wa kanisa aliyeniombea safari. Mke wa Lokwang mwambieni shemeji yake anamwomba radhi.

Akiru, ukimaliza kusoma Baba atanyamaza. Unamjua, anaweza kunyamaza siku mbili. Usimngoje. Mshike mkono mwende leo, kabla mashine haijatoka nje ya mlango.

Mwanao,
Ekai, mlisha samaki