Nilichonga Kumi kwenye Boti ya Watu Sita

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla Jumapili haijafika, maana baada ya hapo sijui kama nitahitaji ushauri au wakili. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, nafanya kazi kwenye karakana ya shemeji yangu, mume wa marehemu dada yangu, tunatengeneza boti ndogo za faiba za kutembelea ziwani, zile za familia na za mahoteli, na kazi yangu mimi ni vibao. Kila boti lazima iwe na kibao cha bati karibu na usukani, kinachosema ibebe watu wangapi, uzito gani, injini ya nguvu gani, na chini yake namba ya cheti cha mkaguzi aliyeipima, basi mimi ndiye ninayechonga hizo herufi kwa mashine na kukipigilia kibao mahali pake, na kwa miaka mitano nimejivunia kazi hiyo kwa sababu mtu akishasoma kibao changu hana haja ya kuuliza tena.

Sasa wiki iliyopita alikuja mwalimu mmoja mstaafu, akataka boti ya kumbeba yeye na jamaa zake, jumla watu kumi. Ya ukubwa huo hatukuwa nayo. Iliyokuwa tayari ilikuwa imepimwa kwa watu sita, cheti kipo ofisini, nimekiona kwa macho yangu, lakini shemeji hakutaka mteja amponyoke, akaja mezani kwangu akaniambia, "Kwenye hiki chonga kumi." Nikacheka nikidhani ananitania. Nikamuuliza, "Shemeji, hii si ya watu sita?" Akasema, "Wakaguzi wanaogopa hata vivuli vyao, namba huwa wanaipunguza. Chonga kumi. Boti haijui kusoma." Nikamwambia siwezi. Akanitazama, wala hakupandisha sauti, akasema, "Mama yako jana alilala nyumba ya nani?" Mama anaishi kwake tangu tumzike dada, mguu wake mmoja haufanyi kazi, na mimi chumba changu ni kimoja na nina mtoto. Nikachonga ile kumi, mshauri. Sifuri ikatoka imepinda, nikachukua bati jingine nikairudia.

Jumatano mwalimu akaja kuiangalia. Akavaa miwani, akainama, akasoma kibao kwa sauti kama yuko darasani, kisha akahesabu kwa vidole, "Mimi na mke wangu, binti zangu wawili na waume zao, wajukuu wanne. Kumi kamili!" Akanishika mkono, akaniambia, "Mimi kuogelea sijui hata kidogo, binti yangu. Lakini kitu kikishaandikwa, roho yangu hutulia." Nikainama nikajifanya nafuta kibao.

Leo asubuhi, Alhamisi, shemeji alipotoka, nikambembeleza fundi wetu wa faiba, tunamwita Kobe kwa sababu hana haraka na jambo lolote, tukaishusha ile boti kwenye bwawa la majaribio nyuma ya karakana. Tukapakia mifuko ya mchanga yenye uzito wa watu wanane, tukapanda na sisi wawili. Kutoka kwenye maji hadi ukingo wa boti vilibaki vidole vinne. Kobe akasema, "Mbona si mbaya sana," akasogea upande mmoja anipishe, hatua moja tu, na maji yakaingia. Hayakuchungulia, mshauri, yaliingia kama watu waliofunguliwa mlango, yakanifika magotini kabla sijajua nishike nini. Tulipotoka Kobe akakamua shati lake. Akaniambia, "Mimi leo sikuwepo hapa. Nina watoto." Tukaitoa, tukaifuta, na saa tisa mwalimu akaja na trela akaichukua, mimi nimesimama mlangoni na nguo bado mbichi. Jumapili ni siku ya kuzaliwa ya mjukuu wake, wataingia wote.

Namba yake ninayo, imo kwenye kitabu cha oda. Nimeishika simu mara tatu. Nikisema, mama atakosa pa kulala na mimi ndiye niliyechonga, kosa hili ni la mkono wangu. Nikinyamaza, labda watakwenda nusu tu, labda ziwa litatulia. Nifanye nini? Barua hii naileta mwenyewe hapo gazetini, namba yangu ya simu nimeiandika chini.

Mchonga Vibao

*

Mdogo wangu,

Barua yako niliikuta mezani Ijumaa saa nne asubuhi. Barua za safu hii hungoja zamu yake, wiki mbili, hata tatu. Yako haikungoja dakika kumi. Nilikupigia, ukapokea kwa kunong'ona ukiwa stoo. Nikakuuliza kama umeshampigia mwalimu, ukaanza kunieleza habari za mama. Nikakukatiza, na radhi siombi. Watu kumi, wanne watoto, babu yao anakiri hajui kuogelea, nawe unaniambia "labda ziwa litatulia"? Hiyo labda angeisema mtu ambaye hajapanda ile boti. Wewe umepanda.

Nilikupa dakika tano umpigie mwalimu. Ulinirudia kwa simu baada ya ishirini, unalia. Ulisema mwalimu aliuliza, "Ni wewe uliyechonga?" Ukasema ni wewe. Akasema, "Mimi niliamini kile kibao, binti. Yule bwana wala sikumuuliza kitu." Akakata. Maneno hayo yanauma, yaache yaume. Ameyasema akiwa nchi kavu, wajukuu wake wote wanne wapo.

Jumapili boti ilibaki juu ya trela, watoto wakakata keki uani. Jumatatu, ulinieleza, shemeji yako akakunyang'anya ufunguo wa karakana mbele ya mafundi, akakuita nyoka, akataka mama ahame. Mama hakusemeshi. Yote uliyoyaogopa yamekufika, na bado unapumua.

Sasa nisikilize. Kumtishia mtu kwa kitanda cha mama yake ni unyama, na shemeji yako akisoma hapa ajue ni yeye ninayemsema. Lakini usijitakase. Ulijua tangu siku ya kwanza, ukangoja maji yakufike magotini ndipo uamini.

Kesho asubuhi nenda ofisi ya mkaguzi aliyetoa cheti. Kama kuna kibao kingine ulichobadilisha, hata kimoja, kitaje pamoja na namba ya boti, kwa sababu boti hiyo iko majini sasa hivi na wenyewe hawajui. Mtumie mwalimu ujumbe asiking'oe kile kibao, ni ushahidi. Kobe mwombe mara moja tu aje kueleza aliyoyaona. Akikataa, mwache na nafsi yake.

Mama mchukue, mbanane humo humo chumbani mpaka upate kwingine. Usimhubirie. Kaa naye kitako, umweleze jinsi maji yalivyoingia. Ameshazika binti mmoja, atakuelewa kabla hujamaliza.

Na mkaguzi akikuuliza ni nani aliyechonga kumi, sema, "Mimi." Halafu ndipo umtaje aliyekuagiza. Kwa mpangilio huo.