Mume Wangu Aliniuliza Kama Kiwandani Kuna Jambo

Mshauri mpendwa, sina pengine pa kuutua mzigo huu, naomba unisaidie na naomba usinicheke, maana hata mimi ningeisikia habari hii kwa mwingine ningesema huyu mama ana lake jambo.

Mimi ni mama wa watoto wawili na kazi yangu ni kuuliza maswali. Watafiti wa uchumi wametuajiri mimi na wenzangu tuzunguke viwandani, wanataka kujua tangu ushuru wa bidhaa za nje uliposhushwa viwanda vyetu vimepatwa na nini, nani amepunguza watu, nani amenunua mashine, nani ameanza kuuza nje, halafu tunawatafuta waliopoteza kazi tunawauliza sasa wanaishije. Bosi wetu ni mwanamke msomi, tunamwita Daktari ingawa hajawahi kumpa mtu kidonge, na kabla hajatutuma alituapisha kwamba tutakayoambiwa na watu tusiyatoe, si kwa rafiki, si kwa jirani, si kitandani. Alisema hivyo hivyo, si kitandani, sote tukacheka.

Mume wangu ni mkata ngozi katika kiwanda cha viatu. Zamu ya kiwanda chake ilipofika nilimwambia Daktari nisiende mimi, akakubali, lakini mwenzangu akaugua na mkurugenzi alikuwa amekubali kutuona siku ile tu, basi nikaenda. Mkurugenzi ni mzee mpole, alijibu kila kitu, ya ngozi, ya umeme, ya mishahara, mpaka nilipomuuliza mwakani anategemea kuwa na wafanyakazi wangapi. Akainuka, akafunga mlango.

"Binti, jibu hili linakwenda wapi?"

"Linachanganywa na ya viwanda vingine, mzee. Jina lako halitaonekana popote."

"Basi andika hakuna hata mmoja."

Nilidhani sikumsikia vizuri. Akanieleza kwamba viatu vinavyoingia kutoka nje vinauzwa kwa bei ambayo kwake haitoshi hata kununulia ngozi, kwamba amebakiwa na oda moja kubwa na ikimalizika jengo litakuwa ghala la viatu hivyo hivyo vya nje. Nikamuuliza kama wafanyakazi wanajua. "Wakijua leo watatawanyika, oda itanifia mkononi, na pesa ya oda hiyo ndiyo kiinua mgongo chao. Unataka niwatoe mikono mitupu?" Hakujua kwamba mmoja wao ni mume wangu, nami sikumwambia.

Jioni mume wangu akaja na swali, maana alikuwa ameniona napanda ngazi za ofisini. Siku hizo rafiki yake mwenye karakana ya viti vya magari, mji mwingine, alikuwa akimwita akasimamie ukataji wa ngozi, na yeye alikuwa hajaamua.

"Mke wangu, siri za kazi yako sizitaki. Nijibu moja tu. Kule juu kuna jambo?"

Nilikuwa nakunja nguo za watoto, sikuinua hata uso. Nikasema, "Hakuna kitu, baba. Maswali ya kawaida tu."

Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia, akampigia rafiki yake pale pale mbele yangu, akamshukuru sana, akamwambia anabaki.

Laiti yangeishia hapo. Mume wangu ana mdogo wake, tunamwita Gundi kwa sababu tangu utotoni habanduki kwa kaka yake. Alikuwa dereva wa duka la vifaa vya ujenzi, kazi ya kudumu, na mwenye duka alimpenda. Sasa kwa ajili ya oda ile ya mwisho kiwanda kikaanza kuajiri, watu wakaona neema imeshuka, na Gundi akaja nyumbani na mkewe, akaniuliza mimi, si kaka yake.

"Shemeji, wewe ndiye unayekaa na wakubwa. Niache usukani?"

Kabla sijafungua mdomo mume wangu akadakia, "Kungekuwa na moshi, mke wangu angeshaunusa." Wote wakanitazama wakicheka. Mshauri, niliinuka nikaenda kuleta maji ambayo hakuna aliyeyaomba, na niliporudi shauri lilikuwa limekwisha. Gundi ameacha kazi, wamehama kwao, wamekuja kukaa chumba cha watoto wetu, mkewe ana mimba kubwa, na kila asubuhi ndugu hao wawili wanatoka pamoja wakitaniana mpaka barabarani, nami nasimama mlangoni nikiwasikia.

Kinachonimaliza ni kwamba najua kinachowangoja. Ndiyo kazi yangu kujua. Viwanda vilivyofungwa tumeshavizunguka, na waliotoka mapema wengi wao walipata pa kushika, lakini waliongoja mpaka mwisho walimwagika nje siku moja, wote na ujuzi ule ule, wakabisha hodi milango ile ile. Kuna mfumaji mmoja wa vitambaa, mtu mzima mwenye mvi, nilipomuuliza sasa anafanya kazi gani aliwatoa watoto nje kwanza, halafu akatazama mikono yake mpaka nikafunika kalamu. Nikimtazama mume wangu akila namwona yule.

Nikisema, nimevunja kiapo na kazi imekwenda, na habari ikienea watu tele watakosa haki yao kwa mdomo wangu. Nikinyamaza, nawazika wa kwangu wakiwa hai. Nifanyeje?

Mke wa mkata ngozi

*

Mke wa mkata ngozi,

Pole. Naisema mapema kwa sababu huko mbele sitakuwa mpole.

Umeniletea tatizo moja, kumbe ni mawili, na la pili umelificha mgongoni mwa la kwanza. Kiapo chako sikidharau. Bila hicho mkurugenzi asingefunga mlango akasema kweli, na yule mfumaji asingekuruhusu hata ukae. Lakini kiapo kilikukataza kutoa maneno ya mkurugenzi. Hakikukutuma kumwambia mumeo "hakuna kitu". Hilo ulilitunga mwenyewe, ukikunja nguo. Lilikuwapo jibu jingine: "Usiniulize, siruhusiwi kukujibu." Najua, angeelewa. Ana akili zake. Na sitajifanya kwamba jibu hilo halikipasui kiapo hata kidogo. Lakini lingemwachia uamuzi wake mikononi. Wewe ulimbembeleza akalala, naye akamlaza mdogo wake.

Wapo watakaosema kwamba mke mwema angemwaga yote siku ile ile. Mimi simo. Ukimweleza mumeo habari ya oda na ghala, atamwambia Gundi, Gundi atamwambia jirani yake wa mashine, na kufika mchana kiwanda kizima kitakuwa kimeacha mashine kiko uani. Huenda yule mzee anasema kweli kuhusu kiinua mgongo. Huenda anajilinda tu. Wewe hujui, nami sijui. Usichezee riziki ya watu wengine ili moyo wako upoe.

Kwa hiyo sikiliza. Leo mumeo akirudi mtoe nje, mbali na masikio ya wageni, umwambie hivi na usiongeze: "Uliponiuliza kama kuna jambo, nilikudanganya. Siruhusiwi kusema zaidi. Mpigie rafiki yako." Atakuuliza jambo gani. Usijibu. Atakuuliza kwa nini ulimwacha Gundi aache kazi. Hapo jibu, maana hilo ni lako, si la mkurugenzi. Sema uliogopa. Akifoka mwache afoke, usimletee habari za kiapo na Daktari, wala usilie ili akuonee huruma. Gundi mwachie kaka yake. Mwenye duka alimpenda, na huenda usukani haujapata mtu. Kama umepata, ndiyo umepata.

Kesho asubuhi nenda kwa Daktari kabla hajasikia kwa mwingine. Mweleze ulichosema nyumbani, neno kwa neno. Kisha mwombe yeye, mwenye cheo na sauti, aende kwa mkurugenzi amsihi awaambie watu wake mapema iwezekanavyo, na aache kuwaachisha wengine kazi za kudumu kwa ajili ya oda moja. Mkurugenzi anaweza kukataa. Daktari anaweza kukufukuza papo hapo, naye atakuwa na haki, ingawa na yeye ana la kujibu kwa kukutuma pale. Nenda hata hivyo.

Na mke wa Gundi, ambaye hakukuuliza kitu wala hakuchagua kitu, chumba cha watoto ni chake mpaka ajifungue na wajipate, hata akikununia mwaka mzima. Atakununia. Mpikie, mfulie, usidai asante.

Unatafuta njia ya kutoka hapa ukiwa mzima. Haipo, na mshauri atakayekuahidi hiyo mkimbie. Utapoteza kazi, au utapoteza namna mumeo alivyokuwa akikuamini, na pengine vyote viwili. Lakini oda haijakwisha, na mtu anayeondoka sasa bado anaondoka mapema. Weka barua hii chini, katoe viti viwili nje, kaa kimoja umngoje.