Uso Niliopaka Nyeupe

Mwalimu,

Kesho asubuhi narudisha ufunguo wa chumba chetu. Kanisa linakitaka kwa ajili ya watoto wa chekechea, na wameshaleta viti vidogo vya plastiki, wamevipanga palepale ulipokuwa ukisimamisha stendi yako ya kuchorea. Sikubishana nao. Jumamosi iliyopita tulikuja watu watatu, na mmoja alikuwa amefuata eproni yake.

Nimekalia kimojawapo cha viti hivyo, magoti yamekaribia kidevu, ndipo nakuandikia. Ungeniona ungecheka mpaka ukohoe. Ungesema, "Nyar Nyeri, hata kukaa unakaa kama mtu wa duka." Binti wa Nyeri. Miaka minane uliniita hivyo, na mimi niliacha kuudhika mwaka wa kwanza. Ni kweli nilikuja Kisumu kuuza vifungo, zipu na nyuzi, si kuchora. Niliingia hapa siku moja kuwauliza wachoraji mnanunua wapi vitambaa vyenu, nikakukuta mbele ya watu unachora samaki wa kukaanga kwenye sahani, nikasimama mlangoni mpaka ukamaliza. Duka langu lilikuwa wazi bila mtu. Sijui hata kama niliibiwa siku hiyo, sikuangalia.

Nikupe habari za chama kwanza, maana lile lingine nitakalokuambia ni zito na bado nalizungukazunguka. Chama kimekufa, Mwalimu. Hakuna aliyekiua. Zile Jumatano za kwenda kuchora kando ya ziwa ziliisha mwezi uleule ulipotuacha, kwa sababu hakuna aliyejua kuwaambia watu wakae wapi na waangalie nini. Kuanika picha kwenye kamba ya nguo nje ya kanisa tulijaribu mara moja, mvua ikaja, tukaanua mbiombio, na hakuna aliyesema tena tuanike. Bwana Were, yule mzee wetu wa mabango ya maduka, alijitolea kuchukua Jumamosi zako. Alichora chupa ya soda vizuri sana, kimya, kwa dakika ishirini, akakaa. Tukampigia makofi. Jumamosi iliyofuata watu walikuwa nusu. Hakukosea kitu, maskini. Ni kwamba wewe ulikuwa ukichora huku unaongea, na mtu alirudi nyumbani akiangalia hata sufuria zake upya.

Sasa lile jambo.

Unakumbuka utaratibu wako wa ubao. Chama kilikuwa na ubao mmoja mkubwa wa plaiwudi, wa maonyesho tu. Kila Jumamosi ulichora juu yake mbele yetu, mwanzo hadi mwisho, saa tatu nzima, na simu zetu zote zilikaa ndani ya kapu mlangoni. Ulisema mtu akishika simu anaiachia simu ndiyo ione. Ukimaliza tulirudishiwa, na aliyetaka akapiga picha. Jumatatu asubuhi mimi nilipitia hapa kabla ya kufungua duka, nikaupaka ubao wote rangi nyeupe ya ukuta kwa rola, ukakaa tayari kwa Jumamosi nyingine. Wageni walishtuka wakisikia. Wewe ulisema picha ya mafunzo ni ya kufutwa, mtu asiizoee. Na kama kulikuwa na picha uliyotaka ibaki, alama ilikuwa moja: uliugeuza ubao ukatazama ukuta. Ukitazama ukuta, nisiuguse. Katika miaka minane uliugeuza mara mbili.

Jumamosi ile ya mwisho ulimchora Mama Awuor, mkeo. Mwenyewe hakuwepo. Alikuwa Usenge kununua omena, dagaa zake za kuuza, na mvua ilikuwa imemkwamisha huko kwa sababu omena haikuwa imekauka. Ulisema ni heri hayupo, akiwepo atakuambia umnyooshe pua. Tulicheka sana. Ulimchora kwa kumkumbuka, bila kuangalia popote, amekaa chini kando ya nyavu za kuanikia, kitambaa cha bluu kichwani, anageuka kama mtu aliyeitwa. Ulituambia hujawahi kumchora tangu umwoe. "Huyu nilikuwa namwogopa," ulisema, ukaendelea kuchanganya rangi.

Ukiwa unaosha brashi ukakaa chini ghafla. Jasho lilikuwa linakutoka hata mikononi. Bwana Were na mwenzake wakakushika, mimi nikakimbia kutafuta gari, na mtu akalimwaga kapu la simu sakafuni ili kila mmoja achukue yake upesi. Hakuna aliyepiga picha. Hakuna aliyeugeuza ubao.

Jumatatu nikaja. Ulikuwa hospitalini, lakini jioni ya Jumapili tuliambiwa unaongea na umekunywa uji, kwa hivyo moyoni mwangu ulikuwa umesharudi. Hapa nataka niseme ukweli, maana ndiyo sababu ya barua yote. Sikupaka bila kuona. Nilisimama na rola mkononi, rangi inanidondokea kwenye kiatu, nikamtazama. Nikajiuliza, hii mbona hakuigeuza? Ningeweza kukupigia. Ningeweza kumpigia Mama Awuor, ambaye alikuwa amekaa kando ya kitanda chako wakati huohuo. Lakini kulikuwa na fundi wa sare za shule ananingoja dukani kwa zipu, na ubao ulikuwa unatazama chumba, na utaratibu ni utaratibu. Nilianza kona ya juu kushoto, kama ulivyonifundisha, nikashuka nayo. Hata dakika tano hazikuisha.

Kesho yake ukafariki.

Siku ya mazishi, kule kwenu Bondo, Mama Awuor alinishika mkono katikati ya watu. Macho yalikuwa yamevimba lakini sauti yake ilikuwa imetulia. Alisema Jumamosi ile jioni ulimpigia simu ukiwa kitandani, ukamwambia, "Nimekuchora. Ukirudi utajiona." Na hata alipokufikia hospitalini ulimwambia picha akaniulize mimi. Akaniuliza, "Nyathina, iko?" Mwanangu, iko? Na mimi, mbele ya jeneza lako, nikasema, "Iko, Mama."

Sijui ni nani aliyesema kwa mdomo wangu. Nilidhani nitamwambia kesho yake, halafu wiki ijayo, halafu akishamaliza kulia. Siku moja akanipigia dukani kuniuliza ukubwa wa picha. Nikampa vipimo vya ubao, Mwalimu. Urefu na upana, kamili, kama ninayempimia mteja utepe. Akaita fundi, akapigiwa msumari sebuleni, kwenye ule ukuta unaotazama mlango. Kalenda iliyokuwa pale akaihamishia jikoni.

Baada ya msumari nikaingiwa na wazimu. Nilinunua msasa, ule laini kabisa, nikawa nakuja hapa kila asubuhi na beseni la maji kuukwangua ubao. Siku ya tatu ikatokea bluu. Kidogo tu, ukubwa wa ukucha. Nilijua ni kitambaa chake cha kichwani, nikalia kwa furaha kama mtu aliyemwona ndugu yake stendi ya basi. Nikaongeza msasa. Bluu ikaondoka. Chini yake ikaja nyeupe, halafu kijani cha Jumamosi nyingine, halafu nyeupe tena, Jumamosi juu ya Jumamosi, mwishowe kahawia, pengine yule samaki wako, halafu mbao. Nilikuwa nimemchubua kichwa mpaka kwenye mbao. Nikaosha beseni, nikaenda kufungua duka.

Jumapili iliyofuata nikaenda kumwambia. Nilikaa chini ya ule msumari, nikasema yote, hata fundi wa zipu sikumficha. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Nilitamani kufukuzwa. Mama Awuor hakupaza sauti. Alikunja na kukunjua pembe ya kitambaa cha kochi kwa muda mrefu, halafu akasema, "Sawa. Imeenda. Basi wewe niambie tu. Nilikuwa namna gani?"

Mwalimu, sikuweza kumwambia.

Naweza kueleza kila ulichofanya. Ulichanganya kahawia ya shavu na kijani kidogo mno, nikashangaa. Ulishika brashi mwisho kabisa wa mpini. Chini ya jicho la kushoto ulifuta mara mbili kwa kidole gumba, ukaacha. Saa tatu nzima nilikaa mstari wa mbele nikiyahesabu hayo yote ili niyaibe. Lakini alikuwa anatabasamu? Alikuwa amechoka? Alipogeuka vile, alifurahi kuitwa, au alikuwa anasumbuliwa? Sijui. Nilikuwa naangalia mkono wako. Miaka minane umenigombeza kwa jambo hilohilo. "Unaangalia mkono yangu ya nini? Hii ni mkono ya mzee tu. Angalia kitu!" Nilikuwa naitikia, ndiyo Mwalimu, na macho yanarudi kwenye mkono. Na ile Jumatatu nilikuwa naye peke yangu, hakuna mkono wa kunisumbua, na nilichokiona ni mahali pa kupaka.

Mama Awuor akawaendea wengine mmojammoja. Mmoja akamwambia alikuwa anacheka. Mwingine akasema hapana, alikuwa kama mtu anayekaribia kulia. Bwana Were akasema, "Ulikuwa mzuri, Mama," na hilo hata mtu ambaye hakuwepo angelisema. Alirudi kuniambia majibu hayo, akiyarudiarudia, na nikaona anaangalia uso wake kwenye kioo cha kabati wakati anaongea.

Nikafanya la mwisho nililolijua. Nikamwomba akae, nikamchora. Nilienda kwake Jumapili nne. Nilimwangalia yeye, nakuapia, sikuangalia mkono wa mtu wala wangu. Nikaweka kitambaa cha bluu, nikaweka nyavu, nikamgeuza kichwa. Bwana Were alisema ni kazi bora niliyowahi kufanya. Mama Awuor aliishika kwa mikono miwili, akaitazama, akasema polepole, "Ni mimi, sikatai. Lakini hii ni vile wewe unaniona. Mimi nilitaka kujua vile yeye alikuwa ananiona."

Kisha akanipa chai na mandazi, akanishukuru, akaisimamisha picha yangu nyuma ya magunia ya omena. Msumari uko vilevile, mtupu. Kalenda haijarudi.

Kwa hivyo, Mwalimu, sina la kukufurahisha. Ningependa kuandika kwamba amenisamehe, lakini hajawahi kusema amekasirika, na mtu hawezi kusamehewa hasira ambayo haijatolewa nje. Ananiita nyathina bado, na kila anaponiita naumia. Ningependa kusema chama kitaamka tena, lakini watu wameshapata mahali pengine pa kwenda Jumamosi. Mimi sichori siku hizi. Brashi zako nimeziosha, nikazifunga kwa utepe wa dukani, zitakwenda kwa Mama Awuor akizitaka. Nauza zipu. Wakati mwingine mteja akiinama kuchagua vifungo namtazama usoni, natazama kwelikweli, mpaka ananiuliza kama tunajuana. Nimejifunza, ila nimejifunza wakati hakuna tena cha kuona.

Watu wa kanisa waliniomba niwaachie ubao. Walisema tayari ni mweupe, watoto watauchorea chaki. Waliomba kwa upole, na tangu ufe sijamkatalia mtu chochote, lakini hilo nilikataa, tena kwa sauti iliyowashtua. Kesho Bwana Were anakuja na mkokoteni tuupeleke kwangu Nyamasaria. Yupo humo ndani bado, chini ya rangi, isipokuwa ule upande wa kichwa nilioukwangua. Ni mimi na wewe tu tunaojua alipokaa, na mimi sijui vizuri.

Nakuahidi jambo moja, kwa sababu ndilo pekee lililo ndani ya uwezo wangu. Maadamu niko hai, hakuna atakayeupaka tena ubao huu, wala kuukwangua, wala kuuchora. Na Mama Awuor siku yoyote akitaka kuja kukaa nao, mlango wangu uko wazi, hata kama ni kukaa kimya.

Kabla sijaketi kwenye kiti hiki cha mtoto kukuandikia, nimefanya ulichokuwa ufanye Jumamosi ile ukimaliza kuosha brashi. Ubao ulikuwa mzito kuliko nilivyokumbuka, nimeuburuta peke yangu.

Nimeugeuza, Mwalimu. Unatazama ukuta.

Oriti, kwaheri. Pumzika.

Wambui wako,
nyar Nyeri