Tundu la Kalunguyeye

Mdogo wangu Hilary,

Huku ni mvua tu, ila kalunguyeye karudi bustanini na miiba yake! Nilimkatia tundu chini ya uzio apite mpaka kwa Clifford, yule jirani niliyemnunia tangu mazishi ya mume wangu. Mgeni wangu nikamwekea maziwa.

"Muriel, utamuua! Maziwa yanamharisha!" Clifford akafoka kutoka ng'ambo. "Mpe chakula cha paka!"

"Nani kakuuliza, mzee?"

Juzi niliteleza bustanini, nikavunjika nyonga. Usikimbilie kukata tiketi, hapa hospitali wananitunza. Clifford alikuwa kalala kifudifudi kwake, anamchungulia kalunguyeye tunduni, akaniona mimi. Uzio akaubomoa kwa mateke.

Sasa anauliza aujenge lini. Nimemwambia auache kwanza, kalunguyeye ameshazoea.

Dada yako mkaidi,
Muriel