Siku Ulipoliitia Joka Kikao

Mpendwa Shangazi,

Barua hii naiandika wazi kwa sababu nakujua. Hata ningeifunga kwa kamba na kuipiga lakiri, bado ungeifungua mbele ya kina mama wa kanisa hapo Nakuru, ukavaa miwani, ukasema, "Tulieni, mtoto ameandika." Basi na wasikie tu. Kina mama, hamjambo? Jimiminieni chai. Habari hizi ni za mwenyeji wenu na joka.

Jana nilikianza kile kitabu na darasa langu hapa Inver Grove Heights, Minnesota. Nilipokiinua watoto walione jalada, jicho langu likaangukia ile medali ya dhahabu iliyochapwa pembeni, nikaangua kicheko peke yangu. Watoto wakatazamana. Ningewaelezaje kwamba nilikuwa nakusikia wewe?

Ilikuwa Columbia Heights, miaka ya tisini, kwenye ile nyumba yetu ya ghorofa ya pili ambayo hita yake iligonga kama mtu anayedai kufunguliwa mlango. Ulikuwa umerudi kutoka kazini kwenye nyumba ya wazee, ungali na yunifomu yako ya maua, theluji ikiyeyuka kwenye viatu. Mimi nilikuwa darasa la tano, nakula ugali kwa mkono mmoja na kushika kitabu kwa mwingine. Ukaliona joka kwenye jalada.

"Hii ni nini umeleta kwa meza ya chakula?"

"It's for school, Auntie. It won a medal."

"Na mchawi akivishwa medali anakuwa malaika?"

Nikakivuta kitabu karibu na sahani yangu. Niliogopa. Kila majira ya baridi mwalimu wangu, Bi. Halvorson, alichagua riwaya moja ya ajabu na miujiza iliyoshinda tuzo, akatusomea sura moja kila alasiri tukiwa tumeketi kwenye zulia. Akimaliza anafunga kitabu na kuuliza, "Ungekuwa wewe, ungefanyaje?" Hapo ndipo vita vya hoja vilipoanza. Mimi, niliyekaa darasani mwaka mzima kimya kama mgeni asiyejua choo kiko wapi, nilikuwa nimeanza kunyoosha mkono. Mzazi asiyekitaka kitabu aliruhusiwa kukataa, na mtoto wake angepelekwa maktaba kusoma kitu kingine peke yake. Nilijua ukikataa, nitarudi kwenye ukimya wangu.

Ulienda shuleni na yunifomu yako. Bi. Halvorson alikusikiliza mpaka mwisho, kisha akakuomba jambo moja tu: ukisome kwanza. Ulitoka pale umefura. "Mimi nina-work double shift, weekend nina-work, halafu anataka nisome hadithi za watoto!" Ulinung'unika njia nzima ndani ya basi la Central Avenue. Lakini tulipokaribia kushuka ukaanza kuhesabu watu kwa vidole, na nikajua umepata la kufanya. Ungeunda kamati.

Na kwa nini isiundwe? Wakenya wa Minnesota wakati ule hatukuoa, hatukuzika, wala hatukununua hata gari kuukuu bila kamati. Jumamosi alasiri sebule ikajaa. Mwenyekiti alikuwa Mama Kevin, nesi, mama mwenye sauti ya kuongoza kwaya bila kipaza sauti. Mama Neema, Mtanzania aliyefanya kazi hotelini kule Bloomington, alikuja na mandazi. Wewe ulikuwa katibu. Ajenda ilikuwa moja: joka. Mama Kevin alifungua kwa sala, akaunyoosha mkono juu ya kitabu na kukikemea, ila nilimwona vizuri: kiganja hakikugusa jalada.

Kisha mkaniambia nisome, sentensi kwa sentensi, niwatafsirie.

"So there's this girl..."

"Kwa Kiswahili, mama," ukasema.

Uliniita mama tangu Baba aliponituma kwako kutoka Nakuru, kwa kuwa jina langu ni la mama yako. Na mimi nilikuwa nimeshazoea kukujibu kwa Kiingereza kila uliloniuliza. Siku ile sikuwa na pa kujificha. Nikaanza kwa kusuasua: kulikuwa na msichana, akavuka daraja kwenye ukungu, akatokea nchi asiyoijua, akakosa njia ya kurudi kwao. Joka kikongwe likamkuta analia, likampeleka pangoni kwake. Neno likinipotea, Mama Neema alinitupia lake bila kuacha kutafuna. Nikafika pale joka lilipopuliza pumzi kwenye beseni ili msichana apate maji moto.

"Ngoja," Mama Neema akasema. "Linamchemshia mtoto maji ya kuoga?"

"Ndiyo."

"Jamani! Mbona ni mama wa watu huyo!"

Mama Kevin alikohoa, akasema suala lina uzito na haliwezi kuamuliwa kwa sura moja. Kikao kikaahirishwa hadi Jumamosi ijayo. Nadhani hata wewe ulishangaa.

Unakumbuka vikao vile, Shangazi? Kila Jumamosi mlianza na yatokanayo na kikao kilichopita, na yatokanayo yalikuwa ugomvi mtupu. Mama Kevin alisema msichana yule amedekezwa, angekuwa wake angeshajua kufagia lile pango. Mama Neema alimtetea: mtoto wa watu yuko ugenini, aachwe. Hakuna aliyemwita tena joka. Mlimwita Mama Joka, tena kwa heshima, kama mtu mnayeabudu naye kanisa moja. Uamuzi mliupiga kalenda wiki baada ya wiki, maana mlijua mkishaamua, mkutano umekwisha.

Na shuleni, kila Jumatatu, Bi. Halvorson aliniuliza mbele ya wote, "Kamati imesemaje?" Nikasimama nikasema Mama Kevin anaona hivi, Mama Neema anaona vile, shangazi yangu bado anafikiri. Darasa zima likawajua. Kulikuwa na msichana mmoja, Kristin, aliyekuwa akiinuka kwa magoti kwenye zulia na kusema, "Mwambie Mama Kevin amekosea!" Mimi nikamtetea Mama Kevin kama wakili aliyelipwa. Sijui kama uliwahi kuelewa furaha niliyokuwa nayo. Nilitoka shule nikiruka madimbwi ya theluji iliyoyeyuka.

Kisha tukaufikia ule ukurasa. Ukungu ulikuwa umeanza kupungua darajani, na Mama Joka aliuona kabla ya msichana. Hakumwambia. Kila asubuhi msichana akiwa amelala, alikwenda darajani akapuliza moshi, ukungu uzidi kuwa mzito, mtoto asione njia.

Ulisimama. "Funga hicho kitabu."

"Auntie?"

"Funga. Ni kitabu kibaya. Jumatatu namwambia mwalimu akutoe."

Mama Neema akawa anaangalia ndani ya kikombe chake. Wote walijua sababu, maana katika vikao hivyohivyo uliwaambia: Baba alikuwa amepiga simu kutoka Nakuru kwamba mambo yao yamekaa sawa, nirudi nyumbani shule zikifungwa. Wewe ulimjibu, "Tutaona." Tangu hapo simu ikilia, ulinikataza kuipokea. Nilikuwa mdogo lakini sikuwa mjinga. Nililala siku ile nikiwa na huzuni mbili: ya kutolewa darasani, na ya kukuona umeumia, nisijue nikushike wapi.

Kesho yake baada ya kanisa ulinikalisha sakafuni katikati ya magoti yako kunisuka. Ulichana kwa hasira, kisha kwa upole. Ukasuka mistari kadhaa. Halafu kitabu kikatua mapajani mwangu.

"Haya, mama. Soma iliyobaki."

Nikasoma. Mama Joka anamwambia msichana ukweli wote, kisha anavuta pumzi kubwa kuliko zote na kuupeperusha ukungu mpaka daraja lote linaonekana. Msichana anavuka. Anaona nyumba ya mama yake, na mkono wa sweta yake bado unanuka moshi.

Vidole vyako vikasimama kichwani mwangu. "Na Mama Joka?"

"Kimeishia hapo."

"Kimeishia hapo? Na wakakipa medali?"

Nikacheka, na wewe ukacheka, kisha nikasikia kicheko chako kimebadilika. Sikugeuka. Uliendelea kusuka, ukakaza mpaka macho yangu yakavutika, na ukasema polepole, "Mimi pia nilikuwa napuliza moshi, mama. Leo nampigia baba yako."

Nakwambia leo, maana siku ile sikuweza: nilikupenda wakati ule kuliko siku nyingine yoyote.

Kikao cha mwisho kilikuwa kirefu. Mama Kevin alipoambiwa mwisho wa hadithi alikasirika kana kwamba kuna mtu amemuibia mkoba. Likapitishwa azimio: kamati inakipokea kitabu, lakini inaukataa mwisho wake. Msichana atarudi kumwona Mama Joka shule zikifungwa. Mama Kevin akapendekeza, Mama Neema akaunga mkono, na wewe, katibu, ukaenda jikoni kuangalia chai ambayo hakuna aliyekuwa ameibandika.

Jumatatu nililisoma azimio darasani. Bi. Halvorson alicheka mpaka akavua miwani. Akauliza nani anakubali. Mikono yote ikapanda, hata wa Kristin.

Nilirudi Nakuru. Si likizo zote niliweza kuja, tiketi haikuwa mchezo, lakini nilikuja. Nikaja tena kusoma chuo, nikaishi nawe pale pale kwenye hita yenye kelele, tukagombania rimoti mpaka ulipostaafu na kuamua sasa ni zamu yako kurudi. Pale uwanja wa ndege nilikuwa nimeandaa maneno mazuri ya kukuaga. Wewe ukaniambia, "Nimekuachia pilipili kwa freezer," ukaingia bila kugeuka. Nilijua kwa nini hukugeuka.

Pilipili imekwisha, Shangazi. Nimekukumbuka. Nyumba ina utulivu ambao siupendi, na rimoti yote ni yangu, haina raha.

Lakini kazi ni tamu. Jana jioni baba mmoja Mkongomani alinifuata mlangoni, kitabu cha binti yake mkononi, kwa heshima zote: "Madame, hii livre iko na mambo ya shetani." Nikamwambia akisome kwanza, na kama hana muda, awaite jamaa zake, binti awatafsirie, na wapike kitu. Alinitazama kama nimechanganyikiwa. Leo asubuhi binti yake ameniambia wameshasoma sura mbili, na baba yake anataka kujua kwa nini lile joka haliolewi.

Tutakimaliza kabla ya kufunga shule. Watoto wataniuliza, kama wanavyouliza watoto wote, "Na joka?" Nitawaambia kuna azimio lilipitishwa Columbia Heights, na halijawahi kufutwa. Sasa wewe ndiye uliyevuka, lakini kamati haikusema msichana atarudi upande upi. Nimekata tiketi ya Juni.

Kina mama, ahirisheni kikao. Shangazi, acha kujifanya unatafuta miwani. Huku hakuna moshi hata kidogo, naliona daraja lote. Nichemshie maji ya kuoga.

Nakuja,

Mtoto wa kaka yako, mama yako wa jina