Bangili ya Mama Chini ya Lakiri

Kiponda, Unguja

Dada yangu Asha,

Shikamoo. Homa ya mwanao imeshuka? Na shemeji, mguu umemruhusu kurudi shamba? Mimi mwili u salama, lakini moyo hautulii, na ukiuona mwandiko huu ulivyopinda utajua.

Juzi asubuhi bangili ya dhahabu ya Bi Salma, huyu ninayemshonea na kukaa kwake, haikuonekana kabatini. Akatuma mtu polisi. Mie nikafanya alivyotufunza mama: mgeni hapokelewi kwenye vumbi. Nikafagia chumba, nikapangusa kabati kwa kitambaa cha maji, nikafukiza udi. Inspekta akaja, kaptula yake imenyooka kwa wanga, akanusa, akasimama pale pale mlangoni.

"Nani kasafisha humu?"

"Mie, bwana. Nlijua mnakuja."

"Ndiyo ukafuta alama zote za vidole?"

Wallahi sikujua kwamba vidole huacha alama. Nilidhani ananitania, nikacheka kwa woga, na kicheko kile ndicho kilichoniponza.

Walikuwa na hati ya hakimu, wakamwita sheha wa mtaa ashuhudie. Askari wanaume hawakunigusa. Aliletwa mama mmoja akanipekua nyuma ya pazia, kwa heshima, lakini nililia. Kisha wakafungua sanduku langu. Bangili ya marehemu mama yetu ikatoka ndani ya kanga.

"Bibi, ndiyo hii yako?"

Bi Salma akaigeuza, akaigeuza tena. "Sijui, bwana. Zafanana."

Neno hilo limenikata maini. Miaka mitatu nala naye sinia moja!

Wakaiandika kwenye karatasi, sheha akatia sahihi, ikatiwa bahashani na kupigwa muhuri wa lakiri. Inspekta ameiona alama iliyo upande wa ndani, na Bi Salma hakumbuki kama yake ilikuwa na alama yoyote. Neno langu peke yake halitoshi. Inspekta anataka mtu atakayeitaja alama ile kabla lakiri haijavunjwa, bila kufundishwa na mtu. Kwa hiyo siiandiki hapa. Nimepewa mpaka Jumatatu, na nimekatazwa kutoka mtaani. Baada ya hapo ni kortini. Ninaogopa, dada. Kila viatu vikilia ngazini mimi hushika ukuta.

Nisalimie shemeji, na baba mdogo, na somo yangu Bi Mize aliyenifunda. Wao waambie nina mafua tu.

Mama alikufa akiamini ni mimi niliyeiharibu bangili ile kwa kuitia alama. Ndiyo maana akaniachia: "Aliyeiharibu ndiye aivae hivyo hivyo." Nilichapwa siku ile, nawe umesimama nyuma ya mlango unatazama. Sikukutaja mpaka leo.

Panda meli. Njoo useme ulichofanya.

Nduguyo anayekungoja,
Mwanakhamis